Moteri ya okazyo inapokunywa mafuta kupita kiasi

Wamama wapendwa wa Sanga, na ninyi mababa mnaosoma gazeti letu dogo kisha mnalirudisha mezani kana kwamba hamkuligusa: juma hili tunazungumza juu ya jambo ambalo limekula franga nyingi katika nyumba zetu tangu kiangazi kianze. Motoka inakufa moteri, jamaa inachanga, moteri nyingine inaletwa kutoka mbali, inafungwa, watu wanashangilia. Halafu, kabla mwezi haujaisha, moteri ile inaanza kunywa mafuta. Sisemi esanse wala mazuti. Nasema mafuta ya moteri, yale ya bidoni, yanayolainisha vyuma ndani visisagane.

Huenda mama mmoja akasema, hayo ni mambo ya mafundi na ya mababa. Lakini motoka ikisimama, ni nani anayebeba gunia la mahindi kichwani hadi barabarani? Ni nani anayekaa usiku na mtoto mwenye homa akingojea mtu wa pikipiki aamke? Na franga za moteri ile zilitoka wapi, kama si kwenye likelemba yetu? Basi jambo ni letu pia. Tena mama aliyezoea kuona bidoni ya mafuta ya mawese inashuka kuliko desturi, na kujua siku ile ile kwamba kuna mtu anayechota, ana jicho linalofaa kwa kazi hii.

Kwanza, moteri hizi zinatoka wapi. Nyingi zimetolewa katika motoka za zamani za Japani, zikasafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam, zikapita Tunduma na inchi ya Zambia, zikaingia kwetu kwa Kasumbalesa, zikauzwa Lubumbashi, na toka pale zikapanda lori au treni kuja Kamina. Njiani zimekaa miezi, pengine mwaka, bila kuzunguka hata mara moja. Mipira iliyomo ndani inakauka na kuwa migumu. Pete za chuma zinazozunguka pistoni, ambazo mafundi wetu wanaziita segma, zinaweza kushikwa na masizi ya zamani zisicheze tena. Muuzaji atakuambia, "Hii imetembea kilometa 60,000 tu." Labda ni kweli. Lakini konteri ilibaki kwenye motoka kule Japani, haikuja na moteri, na neno la mdomo halipimwi.

Tena kuna aina za moteri zinazojulikana duniani kote kwa ulevi huu. Ile ya Toyota iitwayo 1ZZ, ya litri 1.8, iliyomo katika Corolla nyingi na Allion na Wish, katika miaka yake ya kwanza ilitengenezwa na pistoni zenye vitundu vidogo mno vya kurudishia mafuta chini. Vikiziba, mafuta yanabaki juu na kuungua. Ndugu yake mkubwa 2AZ, wa litri 2.4, aliye katika RAV4, Camry, Ipsum na Harrier, alisumbua watu vivyo hivyo, hata mwaka 2015 kampuni ya Toyota ilikubali kule Marekani kutengeneza kwa gharama yake moteri za namna hiyo za miaka fulani, kwa kubadilisha pistoni na segma. Sisi hatukupata msaada huo. Sisi tulipata moteri zenyewe. Kwa hiyo mtu akikuletea 1ZZ au 2AZ ya okazyo, si lazima uikatae, maana zingine ni nzima kabisa, ila uliza mara mbili na upime mara tatu.

Sasa nije kwa mwenzetu mmoja wa chama, aliyeniruhusu kuandika habari zake bila kutaja jina. Corolla yake ilikuwa inabeba bidhaa na watu kati ya hapa na soko la Kamina. Maji yalikwisha katika radiateri njiani, moteri ikachemka ikafa. Jamaa ikachanga, moteri ikanunuliwa katika mji mkubwa, ikafungwa hapa. Juma la tatu, moshi wa bluu nyuma. Fundi akaongeza litri moja ya mafuta. Juma lililofuata, litri nyingine. Baba wa nyumba akakasirika, akasema moteri ile itupwe, inunuliwe nyingine, na franga zitoke katika zamu ya likelemba ya mama, iliyokuwa inakuja mwezi ule. Lakini mama alikuwa amekwisha kuahidi zamu ile kwa minervali ya watoto wawili walioingia shule ya sekondari. Siku tatu hawakusemezana vizuri. Fundi naye alikuwa na neno lake: tufungue moteri yote. Kila mtu alijua dawa, na hakuna aliyejua ugonjwa.

Mama yule akafanya jambo dogo. Alinunua kaye ya mwanafunzi, akaandika juu yake MOTOKA, akasema hakuna franga itakayotoka kabla ya kupima. Ninapenda jambo hili kuliko mengine yote katika habari hii, na ningetaka kila nyumba yenye motoka iwe na kaye ya namna hiyo.

Kupima kwenyewe hakuhitaji ufundi. Simamisha motoka mahali pa sawa, si kwenye mteremko. Zima moteri, ngojea dakika kumi ili mafuta yashuke. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena, usome. Kina alama mbili, ya chini na ya juu. Jaza hadi alama ya juu, usipite. Andika tarehe na nambari ya konteri. Kisha kila asubuhi kabla ya safari pima tena, na kila unapoongeza mafuta andika ni kiasi gani, kwa chupa yenye kipimo, si kwa macho. Ukifika kilometa 1,000 utajua ukweli wote.

Ukweli huo unalinganishwa na nini? Vitabu vya Toyota nyingi vinasema kiasi cha juu kinachovumilika ni litri 1 kwa kilometa 1,000. Usifikiri kwamba hiyo ni afya. Moteri nzima inaweza kutembea kutoka kubadilisha mafuta hadi kubadilisha tena bila kuongezwa hata nusu litri. Hiyo litri 1 ni mpaka wa uvumilivu wa fabriki. Ya mwenzetu ilikuwa litri 1 kwa kilometa 450. Fanya hesabu: motoka inayotembea kilometa 3,000 kwa mwezi itakunywa karibu litri 7, na moteri yote ya Corolla inachukua kama litri 4 tu. Ni kama kubadilisha mafuta karibu mara mbili kila mwezi, na bado mafuta yaliyomo ni machafu, kwa sababu kuongeza si kubadilisha.

Na taa nyekundu ya mafuta? Wengi wetu tunaitegemea, na hapo ndipo moteri zinapofia. Taa ile haisemi mafuta ni kidogo. Inasema mafuta hayasukumwi tena kwa nguvu ndani ya moteri. Ikiwaka, vyuma vimekwisha kuanza kusagana. Mtu akiiona lazima azime palepale, hata kama ni katikati ya pori, hata kama abiria wanapiga kelele.

Baada ya kupima, mwenzetu aliuliza: mafuta yanakwenda wapi? Kuna njia mbili tu, yanavuja au yanaungua. Kwa kuvuja, tandika katoni kubwa chini ya moteri usiku, utazame asubuhi. Matone mawili matatu hayamalizi litri. Kwake katoni ilikuwa karibu safi. Basi yalikuwa yanaungua, na hapo mtu anasoma moshi. Moshi mweusi ni esanse nyingi, jambo lingine. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata moteri ikipata moto ni maji yanayoingia ndani. Moshi wa bluu, wenye harufu ya mafuta yaliyoungua kwenye kikaango, ndio wetu.

Lakini bluu ya saa gani? Hapa ndipo fundi mzuri anapojulikana, kwa kuwa atakuuliza. Ikiwa moshi unatoka asubuhi tu, unapowasha baada ya usiku kucha, kisha unapotea, mara nyingi ni mipira midogo ya supapu iliyokauka. Mafuta yalidondoka usiku ndani ya silinda. Ni dalili ya kawaida kwa moteri iliyokaa muda mrefu bila kuzunguka, na mipira hiyo si ghali, ingawa kuifikia ni kazi. Ikiwa moshi unatoka motoka inapopanda mlima na mzigo, ni segma. Ikiwa unashuka mteremko bila kukanyaga esanse, kisha unakanyaga chini na wingu linatoka, tazama tena supapu. Mama aliweka kijana wake akae nyuma ya motoka atazame, akaandika katika kaye: asubuhi kidogo, mlimani sana.

Fundi alikuwa tayari kufungua. Ila shemeji yake mama, mzee aliyefanya kazi ya reli Kamina miaka mingi, aliomba waanze na vitu vya bei ndogo. Alipata viwili, na vyote viwili ni vya kufungwa vibaya, si vya moteri yenyewe.

Cha kwanza ni kijiti. Moteri ile ilikuja bila kijiti chake, na garaji ikaweka kile cha moteri iliyokufa. Zilifanana, lakini hazikuwa za aina moja kabisa. Mzee akaamuru mafuta yote yamwagwe katika beseni, filtiri ibadilishwe, kisha wamimine idadi ya litri iliyoandikwa katika kitabu kwa moteri ile. Walipochomoa kijiti, mafuta yaligusa chini kabisa, chini ya alama ya kwanza! Maana yake, kila mara fundi alipojaza hadi alama ya juu alikuwa anazidisha litri nzima na zaidi. Mafuta yakizidi, mhimili unaozunguka ndani unayapiga kama mtu anavyopiga mayai, yanakuwa povu, yanarushwa juu kwenye silinda, na mengine yanavutwa na hewa yanakwenda kuungua. Kwa hiyo sehemu ya ulevi ule ilikuwa ni sisi tuliokuwa tunamnywesha mlevi. Walikata alama mpya kwenye kijiti kwa msumeno mdogo, mahali pa kweli. Nasema hivi kwa kila mama: moteri ya okazyo ikifungwa, usikubali alama za kijiti mpaka uone litri zilizopimwa zimefika wapi.

Cha pili ni pumzi. Moteri ina mrija wa kupumulia wenye supapu ndogo, isiyo kubwa kuliko kidole, inayotoa mvuke wa ndani na kuurudisha uungue. Ikiziba kwa uchafu mweusi, nguvu ya ndani inatafuta pa kutokea na kusukuma mafuta kila mahali. Ikikwama wazi, inanyonya mafuta kama mrija wa soda. Ile ya Corolla ilikuwa imekwama; ukiitikisa ilipaswa kulia tik-tik kama punje ndani ya kibuyu, nayo ilikuwa kimya. Mpya ni bei ndogo sana ukilinganisha na moteri. Inanishangaza kwamba watu wanatupa moteri nzima kabla ya kutikisa kitu hicho.

Wakaanza kaye upya. Litri 1 kwa kilometa 1,100.

Si uponyaji, lakini minervali ililipwa.

Yaliyobaki yalikuwa ya moteri kweli. Fundi alitoa buji na kupima kompresyo, yaani nguvu ya hewa inayobanwa katika kila silinda. Tatu zilikuwa karibu sawa, moja ilikuwa chini. Akatia kijiko cha mafuta katika silinda ile dhaifu, akapima tena, nguvu ikapanda. Jaribio hili ni la zamani na ni zuri: ikipanda, segma zimechoka au zimeshikwa, kwa sababu mafuta yameziba pengo kwa muda. Isipopanda, tafuta kwenye supapu au jointi ya juu. Ukienda garaji, omba nambari za silinda zote ziandikwe katika kaye, kabla na baada ya mafuta. Fundi anayekasirika kwa ombi hilo, mimi nisingemwachia moteri yangu.

Ni nini basi la kufanya na segma? Ikiwa zimeshikwa tu na masizi, watu wengine wanamimina dawa ya kuyeyusha kupitia matundu ya buji, wanaiacha usiku kucha, kisha wanaitoa na kubadilisha mafuta mara moja. Mara zingine inasaidia, mara zingine hapana, lakini gharama ni ndogo. Ikiwa zimelika, hakuna dawa ya chupa itakayoota chuma kipya. Ni kufungua, kupima silinda, kuweka segma mpya, na katika zile 1ZZ na 2AZ ni afadhali pistoni pia, kwa kuwa segma mpya juu ya pistoni yenye vitundu vilevile itaziba tena. Na ukifungua, badilisha na mipira ya supapu siku hiyohiyo. Kulipa kazi mara mbili ni hasara. Moteri iliyowekwa segma mpya inaweza kunywa kidogo mwanzoni, mpaka vyuma vizoeane, basi usimshitaki fundi juma la kwanza.

Wengine watakushauri mafuta mazito, 20W-50 badala ya 5W-30. Kwa moteri iliyochoka, katika joto letu, kupanda daraja moja, tuseme 10W-40 au 15W-40, kunaweza kupunguza kunywa. Kuruka hadi mazito kabisa ni kuficha, tena asubuhi ya baridi ya mwezi wa 6 mafuta mazito yanachelewa kufika juu, na moteri inakwaruzika kila unapoiwasha. Zaidi ya unene, angalia kama ni mafuta kweli. Kuna bidoni zinazojazwa tena mafuta yaliyokwisha kutumika na kufungwa vizuri. Tazama kizibo na muhuri wake, nunua kwa mtu unayejua nyumba yake, na bidoni ikiisha itoboe kabla ya kuitupa.

Nisisahau mavumbi. Kuanzia mwezi wa 5 hata wa 9 barabara yetu ni unga mwekundu. Moteri inayobadilishwa mara nyingi inafungwa na mpira wa hewa wa zamani wenye ufa, na vumbi linapita nyuma ya filtiri moja kwa moja hadi kwenye silinda, ambako linafanya kazi ya msasa. Segma mpya za mwezi huu zitakuwa kuukuu mwakani. Pitisha kidole ndani ya mpira ule, baada ya filtiri. Kikitoka na wekundu, umepata mwizi.

Kwa wale ambao bado hawajanunua, mimi ningeomba moteri izungushwe mbele yangu kabla ya franga kutoka, hata ikiwa imelala chini juu ya matairi. Fungua kizibo cha kumiminia mafuta, tazama ndani kwa tochi: rangi ya dhahabu ya kahawia ni nzuri, matope meusi kama masizi ya sufuria ni mabaya. Toa buji zote. Yenye mafuta ya kulowana inakuambia silinda ipi inaumwa. Ikiwa moteri inazunguka na kizibo kikiwa wazi, na moshi unatoka kwa kupumua, puf-puf-puf, iache hapo. Dai kijiti chake chenyewe. Na mapatano yaandikwe: nambari ya moteri, bei, na kilometa au siku ambazo muuzaji anakubali kuipokea tena ikiwa inakunywa zaidi ya kiasi mlichotaja. Muuzaji anayekataa kuandika amekwisha kukujibu.

Neno la mwisho ni juu ya mafuta machafu yanayomwagwa. Nimeona watoto wakichezea beseni yake, na nimesikia watu wakiyapaka kwenye vidonda na kichwani kwa kuua chawa. Yana vyuma na sumu za kuungua, yanapita katika ngozi. Yasimwagwe karibu na kisima wala mtoni tunakolowekea mihogo. Yawekwe katika bidoni iliyofungwa, mbali na jiko, na aliye na miti ya uzio ya kupaka juu ya mchwa avae mifuko mikononi na afanye mbali na bustani ya mboga.

Mwenzetu wa Corolla ameamua kutembea hivyo hivyo mpaka zamu yake nyingine ya likelemba, kisha segma na pistoni. Kila safari anabeba litri moja chini ya kiti, na kijana wake anapima kila asubuhi kabla ya kupakia. Ameniambia ataleta kaye yake kwenye mkutano wetu ujao ili wenye motoka waone jinsi alivyopanga mistari yake. Njooni na kalamu.